Kwa nini dereva alichanja na muuguzi akakataa?

Swali: Mimi ni afisa usalama na afya katika kampuni ya usafirishaji mizigo, Dar es Salaam. Tuna madereva wa malori ya Zambia na Kongo, makuli wa ghala, walinzi na wasafishaji wa wakala, na zahanati ndogo yenye wauguzi wawili. Mwaka 2021 tulileta chanjo ya UVIKO-19 hapa getini kwa siku tatu. Madereva walichanja karibu wote, makuli wachache sana, na wauguzi wetu wote wawili walikataa. Habari za wauguzi zilipoenea, hakuna tena aliyesogea. Bosi anasema watu wetu ni wabishi. Ugonjwa mwingine ukija sitaki yajirudie. Nianzie wapi?

Jibu:

Dada, nusu ya jibu iko ndani ya barua yako. Kampuni ni moja, chanjo moja, geti moja, siku zilezile tatu, na bado makundi matatu yakafanya mambo matatu. Kama tatizo lingekuwa ubishi au kukosa elimu, wauguzi wangetangulia na madereva wangefunga mkia. Kwako ilikuwa kinyume, na si kwako peke yako. Kila kundi lilikwama mahali pake: dereva alikuwa na mpaka mbele yake, kuli alikuwa na ujira wa kesho, na muuguzi alikuwa na swali ambalo hakuna aliyekaa naye kumjibu. Tangazo la spika na bango ukutani huwapata wale tu waliokuwa tayari tangu asubuhi.

Nianze na wauguzi, maana wao ndio waliofunga mlango kwa wengine wote.

Itazame kalenda kama walivyoiona wao. Mwishoni mwa Januari 2021, Rais Magufuli akiwa Chato alitilia shaka hadharani chanjo za kutoka nje. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasema nchi haina mpango wa kuzipokea. Machi tukapata rais mpya, ikaundwa kamati ya wataalamu, na Mei kamati hiyo ikatoa mapendekezo yake. Julai 24 zikatua dozi 1,058,400 za Janssen kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Hesabu miezi: ni sita tu. Muuguzi aliyesikia habari za kujifukiza mwezi wa pili alitakiwa awe mhamasishaji wa chanjo mwezi wa nane, na mara nyingi alipewa semina ya siku moja au mbili iliyojaa namna ya kuhifadhi, kuchoma na kujaza fomu. Maswali yake mwenyewe hayakuwa kwenye ratiba.

Na maswali yale hayakuwa ya kijinga. Wauguzi wetu wengi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Majaribio makubwa ya mwanzo ya chanjo za UVIKO-19 hayakuwaingiza wajawazito, kwa hiyo maelekezo ya miezi ya kwanza yalizungumza kwa tahadhari kuhusu ujauzito na kunyonyesha. Mtu aliyefundishwa kusoma karatasi ya dawa kabla ya kumpa mgonjwa akikuta humo kwamba taarifa bado ni chache, atasubiri. Hivyo ndivyo tulivyomfundisha kazi. Baadaye taarifa zilipatikana kwa wingi na mashirika ya afya yakaunga mkono kuchanja wajawazito, lakini habari hiyo ya pili haikusafiri kwa kasi ya ile ya kwanza, na uvumi wa ugumba ulishakaa kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Kuna jambo la pili ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Mhudumu wa afya anapima uaminifu wa mwajiri kwa vitu vidogo alivyopewa au kunyimwa kabla ya chanjo kufika. Kenya, wauguzi na matabibu waligoma kuanzia Desemba 2020, madai yao yakiwemo vifaa vya kujikinga na bima, na mgomo ukaingia mwaka mpya. Dozi za kwanza za AstraZeneca, zaidi kidogo ya milioni moja, zilifika Nairobi mwanzoni mwa Machi 2021. Jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyekaa miezi akidai glavu na barakoa, halafu anaambiwa kwamba sasa wanamjali, anyooshe mkono. Kwa hiyo kabla hujawauliza wauguzi wako kuhusu chanjo, waulize walikosa nini mwaka 2020, na kama bado hakipo, kinunue.

Jambo la tatu: wengi waliona wameshaugua. Hapo kuna ukweli ndani yake. Aliyeugua anapata kinga fulani, ila kiasi chake hutofautiana mtu na mtu, hupungua, na aina mpya za kirusi kama Delta ziliwarudia watu. Ukimjibu kwa kumwambia amekosea kabisa, umempoteza, kwa sababu mwili wake unamwambia hajakosea. Mwambie ni kweli amepata kinga, na chanjo inaiongezea.

Linganisha na mahali ambapo wahudumu walijitokeza. Afrika Kusini, Februari 2021, serikali ilisimamisha AstraZeneca kabla hata haijaanza kuitumia, baada ya utafiti mdogo kuonyesha kwamba haikingi vizuri dhidi ya ugonjwa wa kawaida wa kirusi cha Beta. Ungetarajia watu wakimbie. Lakini tarehe 17 Februari ukaanza mpango wa Sisonke wa kuwapa wahudumu wa afya chanjo ya Janssen, na hadi katikati ya Mei karibu nusu milioni walikuwa wamechanjwa. Aprili mpango ulisitishwa kwa takriban wiki mbili ili kuchunguza taarifa za kuganda kwa damu kutoka Marekani, kisha ukaendelea, na watu wakarudi kwenye foleni. Kwa maoni yangu kilichosaidia ni kwamba kila badiliko lilielezwa na sababu yake, na wahudumu walichukuliwa kama wataalamu wanaoridhia kwa hiari.

Rwanda ni mfano wa aina nyingine. Mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ulitangazwa Septemba 27, 2024. Waliougua walithibitishwa 66, wakafa 15, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Oktoba 6, siku tisa tu baada ya tangazo, wahudumu wa mstari wa mbele walianza kupewa chanjo iliyokuwa bado kwenye majaribio, na waliojitokeza wakapita elfu moja. Pale hatari ilikuwa na sura ya mwenzao wa wodini. UVIKO-19 kwetu ilifichwa kwa muda mrefu: kuanzia mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka. Mtu ambaye hajui ni wangapi wanaugua atapimaje hatari yake? Ukitaka watu wachanje, waambie ukweli kuhusu ugonjwa hapo kazini: wangapi wameugua mwezi huu, wa idara gani, bila kutaja majina.

Sasa madereva. Usijipongeze haraka kwa sababu yao. Tangu 2020 dereva wa masafa marefu alikuwa mtu wa kwanza kunyoshewa kidole. Alipimwa Namanga, Malaba, Tunduma na Kasumbalesa, akalala kwenye foleni akisubiri majibu. Januari 2022, Uganda ilipodai kipimo cha kulipia dola 30 kwa kila dereva, madereva waligoma na foleni ya malori ikajaa upande wa Kenya hadi sharti likalegezwa. Kwa dereva, karatasi ya afya ni sehemu ya nyaraka za gari, kama bima na leseni, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano alishaizoea miaka mingi. Alichanja ili apite.

Hilo si baya, ila lina mitego miwili. Wa kwanza: anayetaka kupita tu atatafuta karatasi hata bila sindano. Biashara ya vyeti vya kughushi hukua palepale sharti linapotangulia maelezo. Na wapo waliolipia wakachomwa kitu kisicho chanjo: mwaka 2021 Uganda iligundua watu wapatao 800 waliodungwa chanjo bandia, baadhi ya vichupa vikiwa na maji. Ndiyo maana kila anayechomwa anapaswa kuonyeshwa kichupa kabla sindano haijavuta: jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Ni sekunde kumi. Na ukiwaambia watu hapo kabla kwamba wana haki ya kuonyeshwa, umepunguza hofu kuliko hotuba ya nusu saa.

Mtego wa pili ni dozi ya pili. Janssen ilimfaa dereva kwa kuwa ilikuwa sindano moja. AstraZeneca ilihitaji mbili, kwa nafasi ya wiki 8 hadi 12. Sinopharm mbili, wiki 3 hadi 4. Dereva aliyechanjwa leo anaweza kuwa Lubumbashi siku yake ya pili ikifika. Kama utaweza kuchagua, wape watu wa barabarani chanjo ya dozi moja na watu wa ghala ile ya dozi mbili. Kama huwezi, mpe dereva kadi na upige picha ya kadi hiyo, umwandikie vituo viwili vya njiani ambako anaweza kumalizia, na umweke kwenye orodha ya msimamizi wa safari, si ya zahanati peke yake. Msimamizi wa safari ndiye anayejua lori liko wapi.

Makuli ndio kundi ambalo ningekaa nalo muda mrefu zaidi, kwa sababu kwao tatizo linatatulika kwa fedha kidogo na ratiba nzuri.

Fikiria kazi yenyewe. Chanjo inachomwa kwenye msuli wa bega. Maudhi madogo madogo ya chanjo hizi, yaani maumivu ya mkono, homa, uchovu, kuumwa kichwa na viungo, kwa kawaida huanza ndani ya saa 24 na kuisha ndani ya siku moja hadi mbili. Kwa karani hiyo ni siku ya kukaa ameinamia meza. Kwa mtu anayebeba gunia la kilo 50 begani, ni siku isiyo na kazi, na kibarua asiye na kazi leo hana chakula leo. Alipowaona wenzake watatu waliochanja Jumatatu hawakuonekana ghalani Jumanne, hakuhitaji WhatsApp kumtisha. Nyapara naye alimwona mchanjwaji kama mtu aliyempunguzia timu. Hesabu hii ya kuli ni sahihi kabisa, na huwezi kuibatilisha kwa elimu. Inabatilishwa kwa kulipa.

Fanya hivi. Bosi aridhie kwa maandishi kwamba anayechanjwa analipwa ujira kamili siku ile na siku inayofuata akipata homa, bila kudaiwa cheti cha daktari. Liandike kwa Kiswahili, libandike kwenye kibao cha zamu, na msimamizi wa zamu alisome kwa sauti. Sharti la cheti litaharibu kila kitu, kwa sababu kupata cheti nako ni nusu siku na nauli. Usichanje zamu nzima siku moja. Chukua theluthi, na uipange iangukie siku ya kabla ya mapumziko yao. Choma bega asilobebea mzigo, muulize, usidhani. Mwambie asimeze dawa ya maumivu kabla ya sindano. Baada ya hapo, akipata homa au maumivu, parasetamoli inatosha: vidonge viwili vya miligramu 500, arudie baada ya saa 6 ikibidi, asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima. Mpe vidonge hivyo mkononi pale pale. Pakiti ndogo ya dawa humfanya ajue mlifikiria kesho yake.

Halafu kuna walinzi na wasafishaji wa wakala. Umewataja mara moja kisha wakapotea kwenye barua, na nina hakika ndivyo walivyopotea kwenye orodha pia. Huyu anafungua geti kwa kila lori na kukusanya takataka za zahanati, lakini kwenye hesabu ya kampuni hayumo, na kwa wakala wake hakuna zahanati. Orodha ya chanjo iandaliwe kwa kufuata watu wanaoingia getini, siyo wanaolipwa na ofisi yako. Usajili wa 2021 ulitaka kitambulisho. Kenya mfumo wa Chanjo ulitaka namba ya kitambulisho cha taifa. Kibarua ambaye namba yake ya NIDA haijatoka, au mgeni asiye na karatasi, anarudi nyuma kimyakimya na wewe unamhesabu kama aliyekataa. Wiki mbili kabla ya siku ya chanjo pita kwenye orodha uone nani hana kitambulisho, kisha uulize halmashauri wanakubali nini badala yake.

Kuna kosa lingine la kimya ambalo huzaa watu wengi wanaoitwa wagumu: kichupa. Kichupa cha Janssen kina dozi 5, cha AstraZeneca dozi 10, kila dozi mililita 0.5. Pfizer ilihitaji kuchanganywa kwa mililita 1.8 za maji ya chumvi, ikatoa dozi 6 za mililita 0.3. Kikishafunguliwa, kinatakiwa kiishe ndani ya saa 6 au kimwagwe. Muuguzi anayeogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizopotea anamwambia wa kwanza kufika, "Subiri wenzako wafike." Kuli wa watu amekuja kwenye dakika zake 30 za chakula, akisubiri dakika 20, anaondoka, na hatarudi. Kesho atawaambia wenzake chanjo yenyewe haipo.

Mjulishe mratibu wa chanjo wa wilaya mapema kwamba mtafungua kichupa hata kwa mtu mmoja, na mkubaliane hilo kabla ya siku. Dozi tatu zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtu mmoja aliyerudishwa. Kisha punguza hasara kwa akili: uwe na orodha ya simu ya watu kumi hivi waliosema wanaweza kuja wakiitwa, na panga idadi kwa mafungu ya tano au kumi. Kibebeo cha chanjo kibaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, kivulini, na kipimajoto kisomwe asubuhi, mchana na jioni. Kontena la bati kwenye jua la Kurasini halifai kuwa chumba cha chanjo, hata kama ndilo lililo karibu na geti.

Uvumi nimeuacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu wengi huanza nao na kuishia nao. Uvumi hushika mahali penye sababu ya kushikia. Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni kuhusu kujaribu BCG, chanjo ya kifua kikuu, dhidi ya korona Afrika. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani alilaani kauli hiyo kuwa ya kibaguzi, lakini kipande cha video kilishaingia kwenye kila simu. Kenya ilishakuwa na mgogoro wa 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake ilichanganywa na kitu cha kuzuia uzazi. Serikali na mashirika ya afya walikanusha, ila mashaka yalibaki. Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha AstraZeneca wiki zilezile ambazo sisi Afrika Mashariki tulikuwa tunaipokea. Kongo iliahirisha kuanza hadi Aprili, ikaishia kurudisha dozi zipatazo milioni 1.3 zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaisha muda. Malawi iliteketeza hadharani dozi 19,610 zilizopitwa na wakati ili watu waone kwamba hakuna atakayechomwa za zamani. Mtu aliyeyaona hayo yote ana haki ya kuuliza kama tunaletewa mabaki.

Kwa hiyo usimpe jina la mpotoshaji. Muulize amesikia nini, amesikia wapi, na nini hasa kinamtia hofu, kisha nyamaza amalize. Omba ruhusa: "Naweza kukuambia ninachokijua?" Akisema hapana, muache na umwambie mlango uko wazi. Akisema ndiyo, jibu hofu moja, ile kubwa, kwa sentensi tatu. Ile ya kwamba waliochanja wangekufa ndani ya miaka miwili ilisambaa Mei 2021. Madereva wako waliochanja wapo, wanaingia getini kila wiki, na wao ni jibu bora kuliko kipeperushi.

Madhara makubwa yaseme wewe kabla hajayasoma kwingine. Janssen na AstraZeneca zimehusishwa na tatizo adimu sana la damu kuganda. Mpe kila mtu dalili zake: kuumwa kichwa kwa nguvu kusikoisha, kuona ukungu, kifua kubana au pumzi kukata, mguu kuvimba, tumbo kuuma mfululizo, hasa kuanzia siku ya nne hadi wiki ya nne baada ya sindano. Akiona mojawapo, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme alichanjwa lini. Mameneja huniambia hili litawatisha watu. Baadhi watatishika, kweli. Lakini aliyechanja akiwa anajua hatageuka shahidi dhidi yako, na aliyefichwa atageuka. Vivyo hivyo, usiahidi kwamba hataugua. Chanjo zile zilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, ila aliyechanjwa aliweza kuambukizwa, hasa ilipoingia Omicron. Aliyeahidiwa zaidi ya hapo alijiona ametapeliwa mara tu alipopata mafua.

Fomu ya kuridhia nayo ilitisha wengi Agosti 2021: "Kama ni salama, kwa nini nasaini?" Isomeni pamoja siku tatu kabla, mstari kwa mstari, badala ya kumkabidhi mtu foleni ikiwa nyuma yake.

Bosi wako atauliza kwa nini msilazimishe. Kenya, Agosti 2021, watumishi wa umma walipewa hadi tarehe 23 ya mwezi huo wawe wamechanja la sivyo wachukuliwe hatua. Novemba serikali ikatangaza kwamba kuanzia Desemba 21 huduma zitahitaji cheti cha chanjo, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo kabla halijaanza. Uingereza, wafanyakazi wa nyumba za kutunzia wazee katika England walilazimishwa kuanzia Novemba 11, 2021. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba wapatao 40,000 wangeondoka kazini, na Machi 15, 2022 sharti likafutwa. Amri huongeza idadi ya haraka, hasa kwa wale waliokuwa wakiahirisha. Hata hivyo, kwenye ghala la watu mia tatu ambao utawahitaji tena mwaka ujao, mimi nisingeigusa kabla ya kumaliza yote niliyoeleza hapo juu, na hata hapo ningeiweka kwa kazi chache zenye mgusano wa karibu na wagonjwa tu, nikiwa na mwanasheria na chama cha wafanyakazi mezani.

Sasa, unaanzia wapi kabla ya ugonjwa kuja?

Pima kwanza. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa maswali yanayogusa mambo manne: mtu anafikiri na kuhisi nini, watu wake wanasemaje, ana nia kiasi gani, na vikwazo gani vya vitendo vinamzuia. Karatasi moja bila jina yatosha. Ukiletewa chanjo kesho utachanja, utasubiri, au hutachanja? Unaona wewe mwenyewe uko hatarini? Unaiamini chanjo kiasi gani? Wenzako wa zamu na wa nyumbani wangependa uchanje? Ungemwuliza nani ukiwa na shaka? Hata ukitaka, nini kingekuzuia: muda, ujira, maudhi, kitambulisho, umbali? Tumia karatasi ya rangi tofauti kwa kila idara, sanduku liwe kantini, na kundi lenye watu chini ya kumi usilitenge, maana utawajua kwa majibu yao. Wanaosema "nitasubiri" mara nyingi huwa wengi, na ndio rahisi zaidi kusogea. Jibu la swali la tano ndilo dhahabu: likitajwa jina la nyapara fulani au la mama ntilie wa getini, huyo ndiye wa kukaa naye kabla ya daktari wa wilaya.

Kisha fanya mazoezi kwa chanjo ambazo watu wako wanazihitaji sasa hivi. Kila kundi lina yake. Wauguzi na wasafishaji wanaoshika takataka zenye sindano wanahitaji homa ya ini aina ya B, dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita, na hiyo ya tatu ndiyo husahaulika. Makuli wanakatwa na misumari na mabati, wanahitaji pepopunda. Madereva wanahitaji homa ya manjano, ambayo tangu Julai 2016 kadi yake inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo yeyote anayewadai waifanye upya kila miaka kumi anawaonea. Ukiweza kumfikisha msafishaji kwenye dozi ya tatu ya homa ya ini, unayo tayari orodha, kibebeo, ratiba, malipo ya siku ya homa na imani. Janga likija unabadilisha kichupa tu.

Siku yenyewe: viti vya kukaa dakika 15 baada ya sindano, dakika 30 kwa mwenye historia ya mzio mkali; adrenalini ikiwa karibu, kwa mtu mzima miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, na muuguzi aliyefanya mazoezi ya kuitoa mwezi huo huo. Kesho yake na siku ya tatu mpigie simu kila aliyechanjwa. Madhara yakitokea, toa taarifa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kupitia zahanati, na umwambie mhusika kwamba umetoa. Wakimwona mwenzao aliyepata homa amepigiwa simu na kulipwa, foleni ya wiki ya pili itakuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Wauguzi wako wawili wasiwe wa kwanza kuchomwa mbele ya kamera, na wasiwe wa mwisho kuambiwa. Watafutie mfamasia au daktari asiye bosi wao, wakae naye saa mbili, mlango umefungwa, wakiwa na karatasi ya chanjo mezani, mwezi mzima kabla ya kampeni yoyote. Anza na hiyo ya homa ya ini. Waulize walichokataa 2021 kilikuwa nini hasa, uandike majibu yao kwa maneno yao, kwa sababu makuli watauliza hayohayo. Na kama mmoja wao bado atasema hapana, mwombe jambo moja tu: akiulizwa na mfanyakazi, amwelekeze kwa mwenzake aliyechanja, kisha umpangie kazi ya kusoma kipimajoto cha kibebeo na kutunza orodha. Wiki ya pili au ya tatu muulize tena, faraghani.